Chupa ya Mwisho ya Forsadi

Naapa kwa macho yangu yote mawili, na miwani juu yake: haya yote yametokea, sijaongeza hata chumvi. Asiyeamini aje mtaani kwetu Mayfair mwezi wa Novemba aone barabara mbele ya nyumba yetu. Lami yake ni ya zambarau. Hiyo ni kazi ya mforsadi wetu. Matunda yake meusi, marefu kama viwavi walioshiba, yanaanguka yenyewe, na ukiyakanyaga viatu vyako vinakusema mpaka Fordsburg, mtaa wa jirani. Mwaka mmoja mti ulizaa hadi mbwa mweupe wa jirani akageuka zambarau, na mwenye mbwa akamfukuza akidhani ni mgeni.

Watoto wa shule huja kuomba majani ya kulisha viwavi wa hariri wanaowafuga kwenye maboksi ya viatu. Mimi ni fundi cherehani mstaafu, kwa hiyo niliwaambia kwamba viwavi wangu walinishonea koti zima, wakakosea kola tu. Mke wangu Emérite kila akisikia, alipaza sauti kutoka jikoni: "Léonce! Waonyeshe hilo koti!"

"Liko kwa dobi!"

Emérite alifariki Juni, baridi ikiwa imeshika kwelikweli. Tangu hapo hakuna anayeniuliza koti liko wapi.

Novemba binti yetu Joséline akaja kutoka Durban ili tuvue msiba, kama tufanyavyo sisi Warundi: maombi, kisha watu wanakula pamoja na kurudi kwenye maisha. Alikuja pia kunichukua.

"Papa, hapa utabaki na nani? Hata yai hujui kuchemsha."

"Najua kila alichojua mama yako."

"Hata jamu?"

"Jamu! Hiyo naipika macho nimeyafumba."

Jirani yetu Marcelline, Mkongomani anayesuka nywele mjini, alikuwa kibarazani. Akacheka mpaka kitana kikamdondoka. "Papa Joséline, wewe? Wewe ambaye hata chai yako inaungua?"

Joséline hakucheka. "Sharp, tumekubaliana. Pika jamu kama ya Mama, tuile Jumapili baada ya maombi. Ikiwa kama yake, unabaki na sisemi tena. Ukishindwa, unafunga mizigo. Mama Marcelline ndiye shahidi."

Nikampa mkono. Kila asubuhi namsalimia Emérite chini ya mti ule, kana kwamba bado anaokota matunda. Durban ningemsalimia wapi?

Nikatandika shuka chini ya mti kama alivyokuwa akifanya, nikatikisa matawi. Nikachagua meusi tupu, yaliyoiva hasa. Mekundu nikawarushia ndege. Sukari, limau, moto. Emérite alikuwa akidondosha tone kwenye kisahani cha baridi. Ukilisukuma kwa kidole likakunjamana, jamu imeiva. Langu lilikimbia kama maji. Nikachemsha tena, likakimbia tena. Mwishowe likatulia, kwa sababu lilikuwa limeungua na kugandana na sufuria.

Nikachungulia juu ya ukuta, nikamuuliza Marcelline kama mtu anayepiga soga tu: "Hivi marehemu, yale mekundu alikuwa akiyatupa?"

"Eish, Papa! Mekundu ndiyo yanayoifanya jamu ishike. Alikuwa anachanganya."

Nikautazama mti. Haukuwa na kitu tena.

Juu ya dirisha la jikoni ilibaki chupa moja, ya upishi wake wa mwisho. Tulikuwa bado tunamalizia za mwaka wa nyuma, kwa hiyo nyingine ziliishia msibani, wageni wakipaka mkate, mimi siwezi kumeza chochote. Hii sikuwahi kuifungua. Jumapili asubuhi, Joséline akiwa anaoga, niliishusha. Nikafungua kitambaa alichokifunga yeye kwenye kifuniko, nikafunga kingine. Mikono iliyotunga uzi miaka yote hiyo ilishindwa na fundo.

Baada ya maombi tukaleta chai, mkate na chupa ile. Marcelline akaonja, akatoa macho. "Papa Joséline, naomba msamaha mbele za watu."

Hapo nikachanua. Nikaeleza jinsi ndege walivyojipanga juu ya bati kunusa sufuria, mmoja akaomba kijiko. Watu wakacheka. Joséline alikuwa akitafuna polepole.

"Papa, umetia tangawizi?"

"Tangawizi? Mimi? Forsadi, sukari na limau. Naapa."

Akaweka mkate chini. "Mwaka jana Mama alikuwa amelala kwenye kochi, ananielekeza mimi napika. Wewe ulikuwa nje unawadanganya watoto. Kopo la tangawizi likaniponyoka, likamwagikia sufuriani. Mama alicheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Usimwambie baba yako, tuone kama atajua.'"

Akaigeuza chupa mkononi.

"Papa. Hii ndiyo ya mwisho?"

Nina uongo wa kila saizi, kama vifungo kwenye kopo langu la ushonaji. Nilitafuta, sikupata hata mmoja wa kunitosha.

"Ndiyo ya mwisho."

Marcelline akarudisha kipande chake sahanini taratibu. Joséline alilia bila sauti, kisha akanisogezea chupa.

"Hujaionja."

Nikachovya kijiko. Tangawizi ikaniuma nyuma ya koo, na nikamsikia kabisa, jikoni, akiniuliza koti liko wapi. Tukaikwangua chupa pamoja, mimi na binti yangu, mpaka kioo kikabaki kitupu.

Akajifuta uso. "Sanduku lako la safari liko wapi?"

"Juu ya kabati."

"Kweli?"

"Panda uone."

Akapanda kwenye kiti. Lilikuwepo.