Swichi ya Mtu Mwenye Haraka

Mume wangu ana subira, na hiyo subira ndiyo inayonichosha. Amplifaya yake aliiunda miezi saba juu ya meza ya kulia, sisi tukila kwa kupakata sahani. Ilipokamilika ikawa na kasoro moja: kila ukiiwasha, kabla ya muziki, spika inapigwa kishindo, dup. Spika yake ya kwanza ilikufa siku ya pili.

Ndipo akazitaka spika za marehemu kaka yangu. Masanduku ya spika hizo kaka aliyaranda kwa mkono wake, na alama za vidole vyake bado zimo kwenye vanishi. Sina kitu kingine chake. Nikamwambia mume wangu zikipigwa dup hata mara moja, atahamia stoo na nyaya zake.

Hakubisha, akarudi mezani. Alinieleza nikaambulia nusu: ataweka rilei, swichi ndogo inayojiwasha yenyewe, isiunganishe spika mpaka sekunde nne zipite na umeme utulie. Wa kuhesabu sekunde ni kapasita, kikopo kinachojaa umeme polepole. Kikijaa, rilei inashika. Akajaribu mara thelathini kwa kispika cha redio mbovu. Kimya, tik, muziki. Akaniita nije kuwasha mwenyewe, akichekelea kama bwana harusi.

Nikawasha. Kimya. Sasa, mimi na kusubiri hatupikiki chungu kimoja. Kitu kisipoitika papo hapo nakizima na kukiwasha tena, iwe simu au pasi. Nikazima, nikawasha. Dup, bahati ni kwenye kile kispika cha redio tu.

Nilikuja juu, nikasema mengine nisiyoweza kuyaandika. Yeye akainamia kazi yake mpaka akaona kosa: nilipozima, kapasita ilibaki na umeme wake, kwa hiyo nilipowasha tena ilijiona imeshasubiri. Hakuligundua mapema kwa sababu yeye akizima kitu hukipumzisha kwanza. Nikamwambia ameunda mashine ya mtu kama yeye, na humu ndani mtu huyo ni mmoja tu. Nikaenda kumenya viazi. Vilipoisha, hasira nazo zilikuwa zimeisha, nikampelekea chai.

Kesho yake alasiri nilimruhusu kuunganisha spika za kaka. Nikawasha, nikazima, nikawasha, mara tano kwa pupa. Kimya. Tik. Sauti ikatoka kwenye yale masanduku, safi kabisa, nami nikalia bila kujificha.

Nikajifuta machozi, nikamuuliza amefanyaje.

"Nimeipa kapasita njia ya kumwaga umeme. Ukizima tu, inasahau yote, inaanza upya." Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Nimeiga kwako, mke wangu. Unanigombeza, viazi havijaiva umeshasahau. Mimi ndiye ninayekaa na kinyongo wiki nzima, ila sisemi."

Miaka ishirini na sita ya ndoa nilidhani ananivumilia tu, kumbe alikuwa akijifunza kwangu.