Kikombe cha Msumarini

Kila asubuhi, chai ilipoiva katika karakana ya magodoro, mkataji vitambaa aliileta kwa mikono miwili yenye kazi tofauti. Mkono wa kulia ulibeba sinia la vikombe vyeupe vilivyofanana kama mayai. Kidole cha mkono wa kushoto kilining'iniza kikombe kimoja, cheupe vilevile, kilichotunguliwa kwenye msumari wa peke yake ukutani. Vya siniani, kila mtu alijichukulia chochote. Cha msumarini kilikuwa cha Sindano.

Jina hilo alipewa kwa ajili ya mshono wake, uliokuwa mwembamba na wa haraka. Alikuwa mpwa wa mwenye karakana, aliyemlea tangu utotoni na kumpenda kupita kiasi, naye alikuwa na kifafa. Kabla ya kuanguka alisikia harufu ya chungwa linalomenywa mahali pasipo na chungwa. Hapo aliichomeka sindano yake kwenye kitambaa, akasema, "Samahanini, narudi sasa hivi," akaanguka.

Sakafu ilikuwa ya saruji. Kwa miaka mingi ilimpokea kwa desturi ya saruji, na kipaji cha uso wake kilihifadhi alama za mapokezi hayo. Kisha, Jumatatu moja, alipoanguka, sakafu ilibonyea chini yake, ikamkumbatia mabega, ikanyanyuka kidogo upande wa kichwa mfano wa mto. Kifafa kilipomwachilia, ikarudi kuwa ngumu.

Mjomba alipiga goti akaibonyeza kwa kidole gumba, kama apimavyo kila godoro kabla ya kulitoa.

"Upande huu imepwaya kidogo," alisema. "Lakini kazi ni safi."

"Imekaa na magodoro tangu ijengwe," alisema mkataji. "Hata kasuku angekwisha kujifunza."

Mama Pamba, mchambuaji wa pamba, alisema alhamdulillahi, akaendelea kuchambua.

Neema hiyo ilikuja na jambo lake. Zamani, Sindano alipoanguka, mmoja alikimbilia kijiko cha kumtia menoni na mwingine alimnusisha kiatu. Mambo hayo hayakumfaa kitu, ila yaliwaleta watu karibu naye, walau kwa kadiri ya urefu wa kijiko. Sasa, kwa kuwa sakafu imeishika kazi, wote walisimama ukutani wametulia, wakaitazama ikimlaza. Povu lilipomtoka, walivuta miguu. Sindano alipozinduka aliona kwanza dari, kisha kuta, kisha watu, wakiwa wadogo kwa umbali.

Alichokitaka duniani hakikuwa kikubwa. Alitaka kikombe chake kikae siniani pamoja na vingine, na mtu akichukue bila ya kukikagua.

Siku muuguzi wa zahanati alipokuja kuagiza magodoro ya wodi, Sindano alisikia chungwa. Akaomba radhi, akaanguka, na sakafu ikampokea. Muuguzi hakuishangaa. Alipiga magoti, akazama hadi mapajani, akamgeuza Sindano ubavu, akamlegeza ushungi, akaitazama saa yake, akakaa papo hapo. Mama Pamba, kwa heshima ya mgeni, alileta kijiko.

"Cha nini hicho, mama?"

"Asijing'ate ulimi, mwanangu."

"Utamvunja meno bure. Msimtie kitu kinywani, wala msimkandamize. Ondoeni vya kumdhuru, mlazeni ubavu, na mmoja wenu akae naye mpaka azinduke. Dakika tano zikipita hajatulia, mleteni kwetu mbio."

"Na pepo je?" aliuliza mkataji.

"Pepo gani, kaka? Ubongo una umeme wake, kama nyumba. Wa huyu hupiga shoti mara mojamoja. Ugonjwa huu hauambukizi kwa povu wala kwa kushikana. Na dawa zipo."

"Lakini tiba ameshapata," alisema Mjomba, akiionyesha sakafu kwa fahari.

"Hii inamjali, Mungu aibariki. Ya sokoni je? Na jiko la nyumbani?"

Mjomba alilitazama kovu la moto kwenye mkono wa mpwa wake.

Siku hiyo Sindano alipozinduka, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa uso wa mtu, karibu kabisa, ukimuuliza kama anataka maji.

Muuguzi naye alitaka chai. Vikombe vya siniani vilikuwa vimekwisha kunywewa, basi alikitungua cha msumarini, akakinywea, wote wakiona. Alipoondoka, Mama Pamba alikisuuza kwa maji ya moto, asiseme anamkinga nani na nani, akakirudisha mahali pake.

Sindano akaanza dawa, asubuhi na jioni, asiruke hata dozi moja, kwani muuguzi alimwonya kwamba nafuu si ruhusa ya kuacha. Mjomba ndiye aliyemkumbusha, na kila tarehe ya zahanati alifunga karakana akamsindikiza. Mkataji naye akawa mwalimu: hakuna mteja aliyetoka bila ya kuonyeshwa, kwa mto mrefu, namna ya kumlaza mgonjwa ubavu. Chungwa likaja kwa nadra, kisha likakoma.

"Mjomba," alisema Sindano siku moja, "si tuliambiwa kifafa hakiambukizi?"

"Tuliambiwa, mwanangu, na nimeamini kwa moyo mmoja."

"Na kikombe?"

Mjomba alifikiri kwa uadilifu. "Msumari umeshazoea," alisema.

Sakafu, kwa kukosa kazi, ilianza kujitafutia. Mkasi ulioanguka ulidunda ukarudi mezani. Wateja wazito walizama kidogo na kusifu ubora wa bidhaa. Hatimaye, asubuhi moja, mkataji alipokuwa akija na chai, sakafu ililainika chini yake, naye akazama hadi vifundoni. Sinia likamtoka, na cha kidoleni pia. Vikombe vyote vikadidimia, sakafu ikajifunga juu yake.

"Chai ilikuwa na tangawizi," alisema mkataji, akichomoa viatu vyake.

Baada ya muda sakafu ikavirudisha vyote, kimoja kimoja, vikavu, visafi, bila ufa mpya hata mmoja. Wakavipanga mezani, wakavizunguka. Hapana aliyejua kipi ni kipi. Mama Pamba alivinusa. Mkataji alivigonga kwa kucha. Mjomba aliviinua kwenye mwanga, akaguna, akatoka kwenda dukani.

Alirudi na kikombe kipya, chenye maua ya buluu na ukingo wa dhahabu, akakitundika msumarini kwa mkono wake.

"Nimekuchagulia kizuri kuliko vyote, mwanangu."

"Ahsante, Mjomba," alisema Sindano, na kweli kilikuwa kizuri.

Cha zamani kimo siniani hadi leo. Sindano peke yake ndiye anayekitambua, kwa ufa mdogo chini ya kishikio, ambao kidole chake kiliuzoea. Kila asubuhi hutazama leo kimemwangukia nani. Jana kilikuwa cha Mama Pamba, aliyekinywa chote akalamba na sukari ya chini. Leo ni cha Mjomba. Sindano humwombea afya kila anayekinywea, kisha hunywa chai yake katika maua ya buluu, akicheka peke yake, na sakafu chini ya kiti chake hubonyea kidogo.