Mishono ya Ndani

Mimi na dada yangu tulishona katika chumba kimoja miaka kumi na tisa, meza moja, cherehani mbili, na hasira zote zilikuwa zangu. Wateja waliniita Haraka. Mimi nakabidhi sare ya shule, dada bado anahangaika na ya jana: anakunja kingo za ndani mara mbili, anazishona, anapitisha vidole kukagua, mahali ambapo hata mvaaji mwenyewe hataangalia. Nilimwambia anatuchelewesha bure. Alicheka tu. Alisema kanisani hajui kuimba wala kuomba kwa maneno marefu, mishono ndiyo aliyopewa, na hawezi kumpenda Mungu upande wa nje peke yake.

Mnawajua watu wa namna hiyo. Wanachosha.

Kilichonichosha zaidi ni magauni ya maziko. Aliyefiwa akakosa cha kumvika marehemu wake alikuja kwetu, na dada alimshonea bila kuchukua kitu. Sasa, kila fundi anajua gauni la maziko linavyoshonwa. Unapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, na ndani huhangaiki napo, maana litaangaliwa juu juu kwa siku moja. Dada aliyashona kana kwamba mvaaji atakwenda nayo kazini Jumatatu.

Mwaka huu figo zake zilikataa. Alilala nyuma ya pazia, humo humo chumbani, akisikiliza cherehani yangu. Ndipo jirani yetu muuza mkaa akafiwa na mama yake. Dada alikata kitambaa akiwa amekaa kitandani, akaunga mabega, akaishiwa nguvu. Akaniomba nimalizie, na ndani pia.

Nilikuwa na sare arobaini za kukabidhi Ijumaa. Kitambaa chenyewe kilikuwa kizito, sindano ikakwama mara mbili, nikanung'unika. Nikapiga bandi, nikapiga pasi, nikalikunja gauni upande mzuri juu na kumpa muuza mkaa. Robo saa, nimemaliza.

Dada akaniuliza kutoka nyuma ya pazia, "Umeshona na ndani, mdogo wangu?"

"Nimeshona, dada."

"Mungu akubariki. Basi nina amani."

Nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie zaidi. Siku ya tatu, asubuhi, dada alikufa, na amani aliyoondoka nayo ilitokana na uongo wangu.

Nilikwenda kabatini kuchukua kitambaa chake. Nyumbani sote tulijua kwamba tangu tumzike mama, dada alikuwa amejiwekea kitambaa cha siku yake, amekifunga kwa gazeti, na hakuna aliyeruhusiwa kukifungua. Alitutania kwamba hiyo ndiyo nguo pekee ambayo hatanenepa ikambana. Gazeti nililikuta. Lilikuwa limekunjwa vizuri, na ndani hamkuwa na kitu.

Nilisimama pale mlango wa kabati ukiwa wazi. Nilikumbuka ile sindano iliyokwama. Kitambaa cha dada kilikuwa kimeshapita mikononi mwangu kwa robo saa, na sasa kilikuwa kaburini na mama wa muuza mkaa, kimeshikizwa kwa bandi.

Nikatoa shuka langu jeupe, lile ambalo sijalilalia bado, nikalikata. Jeneza lilikuwa limeshafika. Kaka yetu alikuja mlangoni mara mbili, mara ya pili akiwa amevaa koti tayari. Akasema inatosha, mchungaji anangoja, nani atafunua aangalie? Maneno hayo yalikuwa yangu kwa miaka kumi na tisa. Nilikunja kingo mara mbili, nikashona kwa mkono, nikafumua nilipokwenda upande, nikaanza upya. Ningependa kusema kwamba niliomba. Sikuomba. Nililia, nikajifuta kwa bega ili shuka lisidondokewe. Kama huko ndiko kumpenda Mungu, mimi sijui. Nilijua tu kwamba sitapiga bandi tena. Ibada ya saa nane ilianza saa tisa na nusu, na ndugu walininunia.

Shangazi ndiye aliyenisaidia kumvika. Tulipomaliza, nilivishika vidole vya dada, vilikuwa baridi, nikaviingiza ndani ya pindo la mkono wa gauni, pale alipozoea kupapasa akikagua mishono.

"Dada," nikasema, "lile gauni sikulishona ndani. Nilikudanganya."

Shangazi akauliza ni gauni gani ninalolisema. Nikamwambia lilikuwa la dada.