Maji ya Kuoga ya Zamu ya Asubuhi

Sipendi vikao vinavyofunguliwa kwa sala na kufungwa kwa mtu kufukuzwa. Hiki kilipangwa saa nane mchana, na wa kufukuzwa tulishamjua: mzee Makoye, mwendesha mashine ya kumimina chuma katika kiwanda chetu nje kidogo ya Mbeya. Eti alikimbiza mashine. Mimi, Yusta, injinia wa ubora, nilitakiwa kulithibitisha hilo kwa kompyuta.

Chuma kikitoka kwenye kalibu, lile umbo la kumiminia, huwa mkanda mnene mwekundu. Nje umeshika ganda, ndani bado uji. Unashuka katikati ya rola, na kila unapofika kwenye nafasi kati ya rola na rola, uzito wa uji ule unasukuma ganda livimbe, kama mfuko wa maziwa unavyovimba kati ya vidole. Ganda zuri huvimba kidogo, rola inayofuata ikalirudisha. Likiwa jembamba kwa sababu ya spidi, au laini kwa kukosa maji ya kupoozea, huvimba mpaka likapasuka. Jumatatu lilipasuka. Adrian, fundi wa rola, aliungua mguu hadi gotini.

Niliingiza spidi ya Jumatatu kwenye modeli ya kompyuta. Uvimbe ulikuwa milimita moja tu. Nikapandisha spidi kuliko Makoye alivyowahi kuthubutu; bado ganda lilihimili. Nikapunguza maji kwa theluthi moja. Namba zikaruka, na mchoro ukafanana kabisa na kumbukumbu za mashine za saa moja kasorobo asubuhi, ganda lilipopasuka.

Nilifunga kompyuta kwa hasira, kana kwamba yenyewe ndiyo yenye makosa. Muda huo nilijua maji yalikuwa wapi. Yalikuwa kwenye ndoo.

Juni ya Mbeya inauma mifupa. Maji ya kupoozea mashine yanazunguka na kurudi yakiwa ya uvuguvugu, na tangu mwezi wa tano bomba lake lilikuwa na koki nyuma ya bafu. Zamu inayotoka ilioga, zamu inayoingia ilioga. Koki hiyo niliiagiza mimi. Wanawake wa stoo waliniomba, nikaona ni utu, nikamwita mchomeleaji na sikuandika popote. Mwanzoni zilikuwa ndoo mbili tatu. Jumatatu sakitu, ule umande ulioganda, ilitanda kwenye majani, na kila mtu alitaka kuoga.

Kabla ya kikao nilimfuata Makoye kwenye benchi la nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, injinia."

"Unajua ni ile koki."

"Najua. Hata mimi nilioga pale pale."

"Sasa mbona umenyamaza?"

"Nikisema koki, watauliza nani kaiweka," akasema, na kuangalia pembeni.

Niliingia naye nimeshaamua, na nikasema yote mbele ya meneja wetu Liberatus na Frida wa utumishi. Liberatus alivua miwani. Kila asubuhi ndoo yake ya maji ya koki ile ile ilipelekwa bafu la ofisini, na hapakuwa na mtu asiyejua.

"Umeshaandika hii mahali?"

"Bado, bosi."

"Basi sikiliza. Ukiandika maji, zamu mbili nzima zinaondoka, watu arobaini, na wewe wa kwanza. Ukiandika spidi, anaondoka mmoja."

Nilimtazama Frida, nikisubiri aseme neno. Aliendelea kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika. Nikawafikiria wanawake wa stoo. Niseme ukweli, nilijifikiria mimi zaidi, na nikajichukia papo hapo. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu, lakini sikuona pa kwenda ambako nisingekuwa nimemuumiza mtu.

"Andika spidi, mwanangu," Makoye akasema. "Mimi nina ng'ombe zangu kule Ubaruku. Hawa wengine wana nini?"

Nikaandika spidi. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na hilo lilinitisha.

Makoye aliisoma ripoti polepole, mstari kwa mstari, akasaini chini ya jina langu. Kisha akanipa mkono na kuniambia asante. Afadhali angenitemea mate.