Mapaa Yasigusane

Ukitaka kuwajua watu wa kwenu, usigawane nao shamba. Watafutie mahali pa kulala.

Sisi ni watu ishirini na watatu, watoto wakiwemo. Mwaka jana mama yetu, Gatakaa, alikuwa anatimiza miaka sabini, na kaka yangu mkubwa, Marete, anayelima viazi Kibirichia na kuvizungumzia kana kwamba ndiye aliyevigundua, akatangaza kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba safari hii hatutachinja mbuzi uani kama kawaida. Tungeenda Bembea, hoteli mpya ya michezo iliyo chini ya Embu ukielekea Umbeere, yenye mitelezo ya maji, treni ya watoto na viti vinavyozunguka juu hadi unaona Mlima Kenya ukiwa umepinduka. Tungelala huko siku mbili. Kisha akaandika: "Kananu ako Embu, yeye ndio atatuchagulia vyumba." Watu kumi na wanne wakaweka alama ya kidole gumba. Mimi Kananu hakuna aliyeniuliza.

Bembea wana malazi ya aina tatu. Kuna Ngome, jumba lenye minara miwili na vyumba kumi na viwili chini ya paa moja. Kuna nyumba ndogo za umbo la wanyama, ambazo unaingilia mdomoni na dirisha ni jicho. Halafu kuna mahema, kwa wasiojipenda. Marete alitaka Ngome kwa sababu ya picha. Mkewe alitaka mbali na maji kwa ajili ya usalama wa watoto, na watoto walitaka ndani ya maji. Binamu yetu wa Mitunguu aliuliza kama ndizi za hapo zinalika au abebe zake. Hayo yote niliyaweza. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kila mwaka nawapanga wasichana mia nne kwenye mabweni, na hajalala mtu chini.

Lililonishinda lilikuja siku ya tatu, kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi kutoka kwa mama mdogo, Kaari. Kaari ni mdogo wake mama. Tangu baba afariki wanaishi pamoja, na ndiye mwenye simu ya maana. Mama ana mulika mwizi, simu ndogo ya tochi, na hiyo pia ikilia hupokelewa na Kaari.

"Mama amesema hivi," Kaari alisema, kisha akakohoa kama mtu anayefungua mkutano. "Hawezi lala nyumba moja na mkwe wake. Hiyo kitu haijawahi fanyika huku kwetu na haitaanzia kwa mahoteli."

Mkwe mwenyewe ni mume wangu, Mutegi, mtu wa Embu. Kwetu wengi bado wanashika kwamba mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Si ugomvi, ni heshima. Lakini niseme ukweli, heshima hiyo mimi iliniumiza. Nimezaa watoto watatu, Igoki akiwa wa kwanza. Kila nilipojifungua, mama alikuja Jumamosi, akafika saa sita mchana, akamwogesha mtoto, akanipikia uji, na ikifika saa kumi akabeba kiondo chake akakimbilia gari la Meru. Saa nane za barabara ili anione saa nne. Usiku nilibaki na mtoto mwenye tumbo la kusokota, nikimlaani kila mzee aliyewahi kutunga mila.

Kwa hiyo nilichokitaka Bembea hakikuwa mitelezo. Nilitaka kulala mahali mama alipolala, niamke asubuhi nimkute. Hayo tu, na nilitaka niyapate bila kumfukuza mume wangu.

Nikapendekeza mama akae Ngome na Mutegi akae Kiboko. Kaari akajibu kwa swali moja: "Mapaa inagusana?"

Nikapiga simu hotelini. Akapokea msichana wa mapokezi, anaitwa Wawira.

"Naomba kujua," nikasema, "kama paa la Ngome limegusana na la Kiboko."

Akauliza, "Madam, ni mambo ya maji ya mvua?"

"Hapana. Ni mambo ya mama mkwe."

"Aaah! Si ungesema tu! Ngoja nitoke nje nicheki."

Alirudi akihema. Mapaa hayakugusana, alisema, lakini kulikuwa na kivuli cha mabati juu ya njia ya kupitia, kimeshika Ngome huku na kimeshika Kiboko kule. Nikampelekea Kaari habari hiyo. Hukumu yake ilitoka kwenye kundi, kwa sauti, kabla sijaweka simu chini: "Mabati ikishikana, hiyo ni nyumba moja."

Tukajaribu Tembo. Tembo alisimama peke yake, ila mlango wake ulitazama dirisha la mama, na Kaari akasema mama amesema mkwe asipite mbele ya dirisha lake akiwa na taulo. Nikamwambia hiyo ni hoteli ya maji, kila mtu atapita na taulo, hata mchungaji akija atapita na taulo. Akasema basi mkwe azungukie nyuma. Nyuma kulikuwa na reli ya treni ya watoto. Wiki mbili nzima nilikuwa nikifundisha duara mchana na jioni nachora njia za mwanamume mwenye taulo.

Mutegi hakulalamika. Mutegi halalamiki, na hilo pia lilianza kuniudhi. Yeye ni mpima ardhi. Jumamosi moja alichukua utepe wake wa kazi akaenda Bembea kupima umbali wa kufukuzwa kwake, Wawira akimshikia upande wa pili. Alirudi na mchoro safi, wenye mshale wa kaskazini na vipimo vyote: nyumba ya Faru, mita sitini na nne kutoka Ngome, nyuma ya ua, mdomo ukitazama Umbeere. Hakuna bati wala dirisha lililoikaribia.

"Kwa faru nitakuwa sawa," akaniambia. "Si utakuwa na mama yako?"

Nilimwangalia, nikajua niliolewa na mtu mzuri. Nikapiga picha ya mchoro nikaituma kwenye kundi. Kaari akajibu: "Mama amesema hapo ni sawa." Marete akaweka makofi kumi. Nikalipa amana.

Tulifika Ijumaa saa tisa mchana. Watoto walivua viatu garini. Wawira alikuwa akitungoja mlangoni, mikono ameikunja, na mimi huijua sura hiyo. Ndiyo ya mwanafunzi aliyevunja kioo cha maabara.

"Madam, karibuni. Kuna kitu kidogo. Faru imeingiliwa na nyuki."

"Nyuki wangapi?"

"Wote," akasema. "Wameingia na pua tangu asubuhi. Huyo mzee wa kuwatoa anakuja kesho. Na hizo nyumba zingine zote na mahema zimechukuliwa na vijana wa kanisa. Iko tu Ngome. Lakini Ngome iko na nafasi ya kutosha!"

Watu ishirini na wawili wakamgeukia mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha umbo la uyoga, kiondo magotini, akitazama viti vinavyozunguka angani kwa makini sana. Kaari alikuwa amesimama nyuma yake kama wakili.

"Haiwezekani," Kaari akasema.

Mutegi alikuwa ameshainua begi lake. "Hakuna shida," akasema kwa sauti yake ya chini. "Wacha mimi nilale nyumbani. Ni dakika ishirini tu. Kesho nitakuja na maziwa."

Ndiye aliyekwenda Kibirichia alfajiri kuwachukua waliokosa gari. Ndiye aliyenunua keki. Nilipomwona akitafuta ufunguo wa gari mfukoni, kitu kikakatika ndani yangu, na nikasema mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo shuleni huwanyamazisha kidato cha tatu.

"Mama, kwani ni lazima? Nimezaa mara tatu! Mara tatu, na saa kumi ikifika unabeba kiondo unaniacha. Sasa hata hapa? Huyu mtu amekukosea nini?"

Mama akaacha kutazama viti vya angani. Akanitazama mimi, kisha begi la Mutegi.

"Baba Igoki anaenda wapi?" akauliza.

"Nyumbani! Si umesema hamwezi lala nyumba moja?"

"Nimesema lini?"

Marete, ambaye hujifanya hana habari na mambo ya wanawake lakini hafuti ujumbe hata mmoja, akatoa simu yake, akaipandisha sauti. *Mama amesema hivi.* Akaweka na ule wa taulo. Akaweka na ule wa mabati. Mama alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza matangazo ya vifo redioni.

"Huyo ni Kaari," akasema mwishowe.

"Si ni vile ungesema!" Kaari akaruka. "Mimi najua roho yako!"

"Roho yangu ilikupigia simu?"

Mama akanigeukia mimi, na hapo hakuwa anatania tena.

"Wakati ulizaa Igoki, nilikuja na nguo ya kulala chini ya kiondo. Nilikuja nayo mara tatu. Lakini ikikaribia saa kumi wewe unaangalia saa. Unaniuliza, mama, gari ni ya saa ngapi? Nikasema, huyu mtoto amesoma, ako na nyumba yake, amechoka na mimi. Nikaenda."

"Nilikuuliza ndio usiachwe!" nikasema. "Si mama mdogo aliniambia huwezi lala kwangu? Si mila?"

"Hiyo mila ilikuwa ya nyumba ya chumba moja, Kananu. Moto hapa, kitanda hapo, mkwe atapita wapi? Wewe uko na vyumba tatu na mlango ya kufuli." Akatikisa kichwa. "Ungeniambia tu lala, ningelala."

Iliniuma. Sitasema ilinifurahisha kwanza, hapana, iliniuma sana. Miaka kumi na minne mimi nilikuwa namhurumia mama kwa ajili ya mila, na yeye alikuwa akirudi Kibirichia na nguo yake ya kulala ikiwa imekunjwa, akiamini simtaki. Nililia pale mapokezini, kando ya sanamu ya sungura, na Wawira akanipa karatasi ya kufutia meza.

Mama akanipigapiga mgongoni. "Sasa mwambie Baba Igoki arudishe begi."

Mutegi alikuwa hatua tatu kutoka hapo.

"Amesema urudishe begi," nikamwambia.

"Nimesikia," akasema, macho chini. "Mwambie asante."

Ikabaki shida ya Kaari. Yeye pia ni mama mkwe kwa Mutegi, na sheria alikuwa ameisoma mbele ya mashahidi, kwa sauti, mara kadhaa, na ushahidi ulikuwa kwa Marete. Tulimwacha aivunje au ailinde mwenyewe. Alizunguka Ngome mara mbili, mkono kiunoni, akiangalia juu. Alirudi akatangaza kwamba Ngome ina minara miwili, na kwa vile kila mnara una kofia yake, hizo ni nyumba mbili zilizosimama karibu. Akachukua chumba kwenye mnara wa mashariki, akalala hadi saa mbili asubuhi.

Mimi nililala chumba kimoja na mama. Alikoroma kama mashine ya kusagia posho, akaamka saa kumi na moja akatandika vitanda vyote, cha kwangu nikiwa bado ndani. Jumamosi alipanda viti vya angani mara nne. Alishuka mtelezo mmoja amejifunga leso juu ya rinda, akafika chini bila leso, na hataki jambo hilo litajwe. Nyuki waliondoka wenyewe saa saba, na vijana wa kanisa wakaimba.

Jumapili baada ya ibada tulipakia mizigo. Marete aliwasha gari lake la kurudi Kibirichia, Kaari akapanda mbele. Mama akatoka na kiondo, akaupita mlango wa gari hilo uliokuwa umefunguliwa kwa ajili yake, akaja akaketi kiti cha nyuma cha gari letu, katikati ya wajukuu.

"Mama, gari yako ni ile," Marete akamwita.

"Naona," mama akasema, akafunga mkanda.

Mutegi aliweka gia, akashika njia ya mjini.

Jumatatu asubuhi niliamshwa na sauti za sufuria. Kulikuwa bado na baridi. Nilinyoosha mkono, upande wa Mutegi ulikuwa mtupu, na kutoka jikoni nikasikia mama akizungumza, akimwuliza yeye mwenyewe, si kupitia kwa mtu, mahali mke wake anapoficha sukari. Mutegi akasema hajui. Makabati yakafunguliwa, yakafungwa. Mama akasema mtoto huyu tangu zamani haweki kitu mahali pake, na Mutegi, bwana wa kutolalamika, akasema, "Ni kweli, mama."

Mimi nilijua sukari ilikuwa wapi. Nilivuta blanketi nikajifunika, nikaendelea kuwasikiliza wakiitafuta.