Beleshi Nyuma ya Kiti

...na ya tatu, mpaka spana ilie tak, usizidishe, ukizidisha nati inakatika ukiwa barabarani, kisha unaruka, huendi kwenye nati ya jirani, unakwenda ya upande wa pili, kama mtu anayechora nyota, hivyo ndivyo marehemu baba yake alivyomfundisha Tokuji kwenye trekta la kwanza, na hivyo ndivyo alivyokaza matairi ya theluji miaka arobaini na miwili, kila mwaka wadudu wa theluji, wanaotangulia theluji ya kwanza, wakitokea, na mwaka huu wametokea jana asubuhi, baada ya kukamua, wanaelea mbele ya zizi na pamba zao nyeupe mgongoni, wepesi hivi kwamba mtu akihema anawageuza njia, mmoja ametua juu ya tumbo la Chinatsu na Chinatsu hamfukuzi, amekaa kwenye kreti ya bia iliyopinduliwa, bakuli la nati magotini, kama alivyokaa alipokuwa na miaka saba, ila zamani bakuli lilikaa mapajani na sasa mapaja hayana nafasi, mimba ya mwezi wa nane, amemwacha mumewe Ryohei jijini Sapporo na kurudi kuzalia kwao kama mama yake alivyorudi kwao na bibi yake alivyorudi kwao, "Baba, huyu anasema siku ngapi?" "Wiki moja. Zikizidi, mbili," "Mwambie asubiri, sijamaliza kufuma soksi," na Hisano mkewe, aliyesimama mlangoni na sinia la chai, anacheka, "Soksi gani hizo, moja ina kisigino, nyingine imekuwa kofia," halafu kandambili zake zinakwaruza changarawe, anazunguka gari, anafungua mlango wa nyuma kuchungulia, ndiyo desturi yake, kila kitu anachofunga mumewe lazima akifungue, na anauliza, "Baba Chinatsu, hili beleshi mbona limelala nyuma ya kiti chako? Unakwenda kulima viazi humo ndani?"

Anapokea nati ya nne, ina joto la kiganja cha binti yake, anaianzisha kwa vidole kwanza, isije ikaingia upande... jibu analo, analo tangu Februari, beleshi siku zote lilikaa kwenye buti, chini ya mifuko ya chakula cha ndama, pamoja na kamba ya kuvutia na waya za kuazimana chaji, kila kitu kilikuwemo, hata ofisa wa usalama barabarani angekagua asingepata la kusema, na hilo ndilo linalomuudhi, kwamba hakukosa kifaa hata kimoja, alikosa mkono wa kukifikia, mlango wa buti unafunguka kwa kwenda nje na juu, na siku ile ya Februari nje hapakuwa na nje tena, palikuwa na theluji imefika kwenye kioo cha nyuma, imepigwa na upepo mpaka imekuwa ukuta, anavuta, anabisha, anapiga teke, gari lake mwenyewe limemfungia beleshi lake mwenyewe... "Baba Chinatsu, nakuuliza," "Nasikia," "Unasikia halafu?" "Nakaza nati," na Chinatsu, "Mama mwache, akikosea hesabu tutabaki na magurudumu matatu," ...tak.

Matairi ni mapya, yote manne, hilo nalo Hisano aliliuliza wiki iliyopita na akajibiwa yalikuwa yamechoka, akasema mbona mifereji ina kina, ni kweli ilikuwa na kina, hapo ndipo alipokosea mtu mwenye miaka arobaini na miwili ya theluji, kila vuli alipima kina cha mifereji kwa kijiti cha kiberiti na kurudisha matairi yaleyale, msimu wa tano, wa sita, wa saba, na hakuwahi kuyabonyeza kwa ukucha, mpira ulikuwa umekuwa mgumu kama kwato, mpira mgumu haushiki barafu, unatembea juu yake, lakini yeye alikuwa na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne na aliringa nalo, aliwacheka wanaotoka Sapporo na vigari vyao vya kuvuta mbele tu, akasahau kwamba magurudumu manne yanakuondoa vizuri, yanakupandisha vizuri, ila kusimama ni kazi ya mpira peke yake, na siku ile, kwenye kona ya tatu ya njia ya mlimani, alikanyaga breki taratibu, kama inavyotakiwa, na gari likaendelea, bila haraka, kama ng'ombe aliyeamua, mpaka likaegemea ukingo wa theluji na kukaa, wala hakuumia, wala hakuogopa, alitazama mbele akaona weupe, pembeni weupe, upepo ulikuwa umeiinua theluji yote ya bondeni na kuisimamisha hewani, na yeye akasema nitasubiri, upepo wa hapa unachoka, akaacha injini iungurume apate joto... "Nipe ya tano," "Hii hapa, Baba. Mbona leo unakwenda polepole?" "Baridi," "Baridi gani, Mama kavaa kandambili."

Alitoka mara ya kwanza kufukua bomba la moshi, hilo kila mtoto wa hapa analijua kabla ya kujua kusoma, theluji ikiziba bomba moshi unarudi ndani na sumu ya moshi huo haina harufu ya kukuonya, alifukua kwa mikono, kwa glavu, kwa kifuniko cha ndoo, akarudi ndani, akatoka mara ya pili, mara ya pili bomba lilikuwa limezama zaidi na mikono ilikuwa imekufa ganzi mpaka viwiko, beleshi liko upande wa pili wa bati la mlango, sentimita chache, akarudi ndani akasema dakika tano, nipashe vidole kwanza, halafu nizime injini, dakika tano tu... na ilikuwa raha, hilo hawezi kumwambia mtu, ilikuwa raha, kichwa kizito kama baada ya kuoga maji ya moto, aliwaona ng'ombe wake wamekuja wenyewe kwenye foleni, wamesimama kwa utaratibu, akawa anawaita majina, na karibu naye kwenye kiti palikuwa na mfuko wa maandazi yenye maharagwe matamu ndani aliyomnunulia Hisano, akawa anafikiri yatapoa, atanigombeza... kisha ngo ngo ngo, mtu anagonga kioo, akaudhika, kweli aliudhika, nani huyu anayegonga wakati ng'ombe wamepanga foleni vizuri, ngo ngo ngo, "Mzee! Zima gari! Zima! Unanisikia? Zima hiyo injini, Mzee!" na mlango ukavunjwa barafu na baridi ikaingia kama ndoo ya maji usoni, na mikono ikamshika kwapani.

Oikawa, dereva wa greda la theluji, hakupaswa kuwa pale, barabara ilikuwa imefungwa na wenzake wamekwishaitwa warudi, alimwambia baadaye ndani ya kibanda cha greda, taulo shingoni, anapangusa kamasi, "Niliona waipa moja, Mzee. Moja tu, imesimama. Nikasema ama ni kijiti cha alama ya barabara ama kuna mtu," maana Tokuji alipokuwa na akili bado alikuwa ameziinua waipa zisigande kwenye kioo, kwa mazoea, kama kila mtu hapa anavyoziinua akiegesha, mkono ulifanya bila kumuuliza, na waipa moja ilianguka na moja ikabaki, na kwa hiyo moja... anaishukuru, ndiyo, ameshukuru kipande cha chuma na mpira, ameshukuru pia ukaidi wa Oikawa wa kutorudi alipoitwa, na kahawa ya kopo aliyowekewa mikononi, na maandazi, walikula maandazi ya Hisano wawili, yote sita, Oikawa alikula manne, "Mkeo amekosa," "Nitamwambia duka lilifunga," na wakacheka mpaka Tokuji akatapika, na Oikawa akasema tapika tu, mtu anayetapika yuko hai.

Akamwambia Hisano alikuwa ofisini kwa ushirika wa wafugaji, kwamba alingoja huko mpaka upepo ukatulia, ulikuwa uongo mdogo, wa kumkinga mtu na usiku wa hofu ambao ulikuwa umekwishapita, lakini uongo huo una mkia, maana mtu akikuokoa unakwenda kwake kushukuru, unakwenda na mkeo, mmevaa nguo za heshima, na chupa ya pombe imefungwa kwa karatasi na uzi mwekundu na mweupe, mnainama wote wawili mlangoni, hakuna anayekwenda kushukuru kwa jambo kama hilo peke yake kama mwizi, na yeye chupa aliinunua, aliifunga, iko kwenye stoo ya chakula cha ndama nyuma ya madebe ya chumvi, tangu Februari, imeshika vumbi, na mara mbili alipishana na Oikawa kwenye duka la mbegu na mara zote mbili Oikawa alimpungia mkono kama mtu asiyedai kitu, na hilo ndilo lililomkata, afadhali angedai.

Februari. Mtoto huyu Februari hakuwepo hata kwa maneno, Mei ndipo simu ilipolia zizini, ameshika ndoo, na Chinatsu akasema, "Baba, umekaa? Kaa basi," akakaa juu ya ndoo yenyewe, maziwa yakamlowesha suruali, na hakujali, akacheka kama mwendawazimu mpaka ng'ombe wakageuka kumtazama... yote hayo ni nyongeza, hakuyafanyia kazi, Mei, viazi vya Agosti, mvua ya Septemba, wadudu hawa wenye pamba, sauti ya spana, mke anayeuliza maswali kwenye kandambili mwezi wa kumi, amepewa, mtu kagonga kioo akampa. Na yeye akafanya nini nayo? Daktari alisema, wiki mbili zilizopita, kwa upole, kwamba hospitali ni kilomita themanini na njia ni ya mlimani na tarehe ni kumi na nane Desemba, ingekuwa vizuri Chinatsu ahamie mjini wiki tatu kabla, kuna vyumba karibu na hospitali, wengi wa huku hufanya hivyo, na nani alijibu kabla Chinatsu hajafungua mdomo? Yeye. "Mjukuu wangu atatokea nyumbani kwangu, daktari. Gari ninalo." Alisema gari ninalo. Hisano akakubali kwa sababu haijui ile kona ya tatu, Chinatsu akakubali kwa sababu... "Mama, acha kumsumbua," Chinatsu anasema sasa, anamtoa yule mdudu tumboni kwa kumpulizia, "beleshi, blanketi, choo cha kubebeka, kajaza yeye. Ryohei alinipigia jana ana wasiwasi na barabara, nikamwambia Baba akisema gari litafika, litafika."

Litafika... spana imesimama hewani. Anaona kiti cha nyuma alichokitandika blanketi, anaona mfuko wa mchanga wa kutia chini ya magurudumu, taa ya kichwa, mshumaa, thamosi, maji ya kioo yasiyoganda hata ikiwa baridi ya kupasua miti, kila kitu mahali pake, hajawahi kulipanga gari vizuri namna hii, na anaona kwa mara ya kwanza alilokuwa akilipanga, alikuwa analipanga kwa ajili ya ile kona, alikuwa anamfungia binti yake mzigo wa kusubiria wokovu, beleshi karibu na mkono, sawa, na mkono wenyewe uwe wa nani, wa mzee anayekufa ganzi au wa mwanamke mwenye uchungu, na nani atakayeiona waipa, Oikawa ni mmoja, Oikawa alipita mara moja, huwezi kumwekea mtu Oikawa kwenye buti... na ajabu hasikii aibu, alidhani atasikia aibu, anasikia wepesi, kama vile miezi minane amekuwa akibana pumzi kwenye maji ya moto na sasa kichwa kimetoka, gari litafika, ndiyo, litafika mwishoni mwa Novemba, mchana, barabara kavu au yenye theluji ya kwanza, matairi mapya, mpira laini unaoingia ukucha, litamshusha Chinatsu na soksi zake zenye kisigino kimoja, na Hisano atakaa naye, na yeye atakuwa anakwenda siku za jua na maandazi sita, na njia ikifungwa atakaa nyumbani na ng'ombe kama mtu mwenye akili, na kabla ya hapo, kesho kutwa, watavaa nguo za heshima.

"Chai inapoa," Hisano anasema, bado ameshika mlango wa nyuma, bado anatazama beleshi, na nati ya tano bado haijalia, Chinatsu kaegemeza kichwa kwenye bati la gari, wadudu wanaelea, hakuna kilichosogea. Tokuji anaibana spana, anavuta taratibu, tak, anaiweka chini kwenye changarawe.

"Mama Chinatsu, weka hilo sinia ukae," anasema. "Siku ile ya upepo, Februari, sikuwa ofisini kwa ushirika."