Bati la Kipandio cha Tatu

Kamera ya Mama Flashi ilikuwa ya mkanda, ile ya kizamani, nzito kama pasi ya makaa. Ngozi yake ilibanduka pembeni siku nyingi, akaibandika tena kwa gundi ya viatu. Asubuhi ile aliitundika shingoni, akatia kibiriti mkobani, akafunga studio na kubandika karatasi mlangoni: "Nimetoka kidogo, narudi."

Hakwenda mbali. Jengo la maduka lilikuwa mtaa wa pili tu, vioo mpaka juu, na mlangoni wameandika "Karibuni Wote" kwa herufi ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Humo ndimo mdogo wake alimofagia na kupiga deki miaka tisa. Wiki tatu nyuma alianguka kwenye ngazi akiwa na ndoo mkononi, akavunjika nyonga. Yuko kitandani, hata kugeuka hawezi, akaletewa barua: ameachishwa kazi kwa uzembe, ngazi haina kosa lolote, bali alivaa viatu vibaya. Shauri lake la kuipinga barua hiyo lilikuwa lisikilizwe Jumatatu. Na jana mfagizi mwenzake alikuja kunong'ona kwamba fundi wa kuitengeneza ngazi isiyo na kosa anakuja Jumamosi.

Leo ilikuwa Ijumaa.

"Viatu vibaya!" Mama Flashi alisema peke yake huku akipanda, mkono kwenye reli. "Viatu nilimnunulia mimi mwenyewe, soli mpya!"

Kipandio cha tatu kutoka juu, bati la ukingoni lilikuwa limeng'oka, limejikunja juu kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Mama Flashi hakuwa na haraka. Alifanya kama alivyofanya miaka arobaini: picha moja ya mbali, ngazi nzima ionekane, moja ya kati, na ya tatu ya karibu, kibiriti kimelazwa kando ya bati, mtu asije akasema kitu chenyewe ni kidogo kama ukucha.

"Mama! We mama! Humu hairuhusiwi kupiga picha!"

Alikuwa mlinzi, mtu mzima mwenye mvi, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Nani kasema?"

"Ndio utaratibu."

"Umeandikwa wapi, baba?"

Mlinzi akaangaza ukutani. Palikuwa na tangazo la kukataza sigara, basi. Chini, wasichana watatu walikuwa wakijipiga picha kwa simu mbele ya ua kubwa la plastiki, lililowekwa na jengo lenyewe, na ubao kando yake: "Piga Picha Hapa".

"Na wale je?"

"Wale wanapiga ua."

"Basi na mimi ua langu ndilo hili bati."

Mlinzi kicheko kilimfika kooni, akakigeuza kikohozi. Maana meneja alikuwa anakuja, tai nyekundu, viatu vinalia ko ko ko.

"Futa hizo picha," meneja alisema, hata salamu hakuna.

"Futa mwenyewe." Mama Flashi akamgeuzia kamera mgongo, ila mkanda wa shingoni hakuuvua.

Meneja akainama, akatafuta kioo cha kutazamia picha. Akakuta ngozi na gundi. "Hii inafutwaje?"

"Haifutwi, mwanangu. Ni ya mkanda."

"Basi ifungue, utoe huo mkanda."

"Nisikilize vizuri. Jengo ni lenu. Ukiniambia toka, nitatoka, ingawa mlangoni mmeandika karibuni wote. Lakini kamera ni yangu, na kilichomo ndani yake ni changu. Ukiinyang'anya, wewe ni mwizi wa mchana kweupe. Kama unabisha, ita polisi. Namngoja hapa hapa."

Akaketi kwenye kipandio cha juu kabisa, akajipangia gauni magotini. Moyo ulikuwa unakwenda kama cherehani, lakini macho aliyakausha. Watu wakaanza kusimama.

Meneja hakuita polisi. Alimgeukia mlinzi. "Mwandike kwenye kitabu cha matukio. Kila kitu! Halafu asikanyage tena hapa."

Sasa, yule mlinzi kitabu chake alikiheshimu kama msahafu. Aliandika polepole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, kama alivyofundishwa: saa, mahali, kilichotendeka, hali ya mahali. Akampa Mama Flashi atie sahihi. Mama Flashi akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Saa nne na robo. Mama mmoja amekutwa akipiga picha kipandio cha tatu, ambacho bati lake limeng'oka tangu kabla mfagizi hajaanguka. Hakufanya fujo."

"Nani kakutuma uandike habari za bati?" Meneja alifoka. "Chana hiyo karatasi!"

"Kurasa zina namba, bosi," mlinzi akajibu, anatazama kofia aliyoivua mkononi. "Na ulisema kila kitu."

Mama Flashi alitia sahihi kwa herufi kubwa zisizo na haya. Kisha, kabla kitabu hakijafungwa, akakipiga picha. Kacha!

"Haya. Nimefukuzwa, natoka."

"Pita kwenye lifti," meneja alisema.

"Lifti ya nini? Si mmeandika ngazi haina kosa?"

Akaanza kushuka. Kipandio cha kwanza. Cha pili. Akainua mguu kwenda cha tatu.

"Angalia hapo, mama! Utaanguka!"

Ilikuwa sauti ya meneja mwenyewe, imemtoka kabla hajaifunga mdomoni. Chini, simu zote tatu za wasichana zilikuwa zimeliacha ua, zinatazama juu.

Mama Flashi akaliruka bati kwa hatua moja ndefu, mkono umekaza reli.

"Ahsante, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Neno hilo hilo, uje ulirudie Jumatatu."